Njiwa wa Lévi Mwenye Hakutaka Mukono

Mutu akikuambia kusema mu Beni hakuna fundi wa viatu mwenye akili, mulete kwangu. Nitamupeleka Mulekera, ku kibanda cha mbao chenye bati moja na nusu, na nitamuonyesha Lévi, mutoto wa dada yangu, mwenye ananiita Noko, ndiyo kusema mjomba. Akili yake yote alirithi upande wetu. Upande wa baba yake alirithi masikio tu, na yale unaweza kuyaona toka barabarani.

Lévi anashona viatu tangu ujana. Viatu vya bamama ba soko, viatu vya bamotari, bale ba pikipiki ya kubeba batu, viatu vya bapasteri vyenye vimelika ku kisigino juu ya kusimama sana. Sasa simama umuangalie akifanya kazi. Anachoma sindano, anavuta uzi, na kiwiko chake cha kushoto kinaenda nje, kinarudi ndani, kinaenda nje, kinarudi ndani. Na juu ya kile kiwiko kuna njiwa mweupe, macho nusu wazi, anabembea sawa chifu mu kipoyi, kile kiti cha kubebwa ku mabega. Wateja bapya banauliza: "Ile ni plastiki?" Kisha plastiki inanya ku bega ya Lévi, na maulizo inaisha.

Jina lake ni Klore. Muache niwaeleze alitoka wapi, juu ya vile mimi nilikuwako, na fasi sikukuwako nilijua mambo kuliko benye balikuwako.

Wakati wa Ebola, Lévi aliacha sindano kidogo, akapata kazi ku barieri ya njia, kile kizuizi fasi kila mutu alisimamishwa anawe. Alikuwa anasimama karibu na ndoo ya robine, yenye bomba chini, anatia klore, dawa ya kuua vijidudu, mu maji, anaambia kila mutu: "Nawa mikono, Papa. Nawa mikono, Mama." Munakumbuka ile siku zote. Hakuna mutu alikuwa anapeana mukono na mwenzake. Tulisalimiana kwa viwiko, ko, ko, sawa mbuzi zenye zinapima pembe. Mimi nilikuwa bingwa. Kiwiko yangu ilijulikana toka Mulekera mpaka commune ya Ruwenzori.

Basi mama mumoja wa Mutwanga akapita ku barieri na kitunga cha njiwa nyuma ya pikipiki. Pikipiki ikaingia mu shimo, kitunga kikafunguka kidogo, na kitoto cha njiwa kikaanguka mbele ya ndoo. Hakikuwa na manyoya. Kilikuwa kibaya sana, sawa kiazi chenye macho. Mama hakuona, pikipiki ikaenda. Na amri ya barieri ilikuwa: usiguse nyama, usiguse ndege, usiguse mutu. Lévi ni mutu wa amri. Alipiga magoti, akakikamata kitoto katikati ya viwiko viwili, akasimama polepole, na akakipeleka mpaka nyumbani hivyo hivyo, mikono imefungwa kifuani, anatembea sawa mutu mwenye anabeba makala ya moto. Batu ba njia bakakimbia. Balifikiri ameshaambukizwa na sasa anacheza.

Sasa nisikilize hapa bila kucheka. Siku zile hakuna mutu alitaka kukaa karibu na Lévi. Balisema: ule wa ndoo atatuletea kifo. Majirani balifunga milango akipita. Jioni alikuwa anakaa peke yake mu parseli, mu kiwanja cha nyumba, mikono inanukia klore, na kile kitoto ku kiwiko. Alikilisha uji wa soya na kijiko. Kikaota manyoya ku kiwiko, kikajaribu mabawa ku kiwiko, kikalala ku kiwiko. Donc, wakati ugonjwa iliisha na batu bakaanza tena kupeana mikono, Klore peke yake hakupata habari. Kwa yeye dunia iko na viwiko. Mukono ni kitu gani? Ni munyama wa miguu mitano, hana kichwa, anakuja mbio na anafungua kinywa. Mukono wa nani ukikaribia, hata wa Lévi mwenyewe, Klore anaruka, anapiga mabawa, vumbi inajaa mu kibanda.

Wakati ile, mambo hayakuwa mabaya. Fundi wa viatu anaweza kuishi na njiwa wa kiwiko. Shida ilikuja na kisigino.

Kisigino kilikuwa cha Jokébed, musichana wa Butembo mwenye analeta vitenge Beni kwa biashara. Kiatu kilivunjika, akaingia mu kibanda kwa muguu mumoja. Lévi akaangalia kiatu, akaangalia mwenye kiatu, na akashona kile kisigino muda murefu kuliko kisigino kinaomba. Na Jokébed, bila mutu kumuambia, akanyoosha kiwiko chake mbele ya Klore. Klore akapanda. Lévi akakosa sindano, akajichoma kidole, na hakusikia.

Mimi nilisema siku ile ile: huyu ni bibi. Bénite, dada ya Lévi, anasema ni yeye alisema kwanza. Muache aseme.

Mais Jokébed ana baba, na baba ni Papa Kasonia. Ule mzee ni diakre, shemasi, mu kanisa moja ya Butembo, na kazi yake ni mulango. Kila siku ya Mungu anasimama ku mulango na kupatia kila mutu mukono. Hakamati tu, anasoma. Anasema ndani ya kiganja anajua huyu amegombana na bibi yake, huyu hajatoa sadaka toka Pasaka. Sasa wakati wa ugonjwa bapasteri balimuambia: "Papa, weka mikono mu mifuko." Na fasi alikuwa anasimama, baliweka ndoo ya klore. Ndoo! Alichukia ile ndoo sawa muke wa kwanza anachukia wa pili. Akakataa kunawa ku barieri yoyote. Alikuwa anazizunguka mu pori. Siku moja mu kuzunguka alianguka mu matope mpaka kiuno, akatoka na kiatu kimoja, na bado akasema ameshinda.

Ndiye huyu alikuja kutazama mukwe.

Lévi alikuwa anabandika soli. Papa Kasonia akaingia mu kibanda, kofia ya heshima ku kichwa, akanyoosha ule mukono wake mukubwa wa mulangoni.

"Jambo, kijana yangu."

Klore akaona miguu mitano inakuja. Pa! Mabawa usoni mwa diakre. Kofia ikaruka, ikaingia mu kopo ya kola, gundi ya viatu, ikasimama mule wima. Lévi akaikimbilia, akaitoa, kola ikamujaa mikono yote mibili mpaka vidole vikashikana. Na wakati Papa Kasonia alinyoosha mukono tena, Lévi kwa haya akamupatia kiwiko.

"Ni nini hii?"

"Ni kiwiko, Papa."

"Ninaona ni kiwiko! Ugonjwa iliisha, na bado unanipatia kiwiko? Mimi niko barieri?"

"Mikono iko na kola, Papa."

Mzee akageuka kwangu. "Na weye, noko yake, ulikuwa wapi wakati huyu anakomaa?"

"Nilikuwa ninamufundisha," nilimujibu.

"Inaonekana."

Akachukua kofia yake kwa vidole bibili, sawa mutu anabeba panya kwa mukia, na akatoa hukumu.

"Nitarudi kisha mavuno ya mahindi. Siku ile utanipatia mukono, mukono ya mwanaume. Na ile ndege itakaa ku mukono yangu mimi, kimya, bila kunipiga. Mutu mwenye anashindwa kufundisha ndege, batoto atabafundisha gisi gani? Kama inakaa, tutaongea mbuzi za mahari. Kama haikai, Jokébed atabaki kwangu."

Aliondoka. Tukafanya mukutano wa familia, na mukutano haukukawia, juu wote tulikuwa na wazo moja.

"Tumupike Klore mu sombe, mu majani ya muhogo," Bénite alisema. "Na mafuta ya mawese."

"Hapana," Lévi alisema.

"Njiwa ni kitu kidogo, Lévi. Bibi ni kitu kikubwa."

Lévi akapigia Jokébed simu, akamueleza shauri ya dada yake. Sisi wote tulisikia jibu, juu ule musichana anaongea ku simu sawa anaitia mutu ngambo ya mulima: "Lévi! Ukimukula Klore juu yangu, mimi sikuje! Utanikula na mimi siku moja juu ya mwengine!"

Basi sombe ikaisha. Ikabaki shule, na mwalimu ilikuwa nani? Mimi. Mu Mutwanga nilishafuga kanga, nilishafuga bata, na nilishafuga ndege mumoja wa mulima mwenye hata barinzi ba parke hawajui jina lake. Alikuwa anakula mu kinywa yangu. Njiwa ni nini mbele yangu?

"Ndege anaogopa mukono juu hajaujua," nilimueleza Lévi. "Unamukamata kwa nguvu, unamushikilia mpaka achoke. Akichoka, amejua."

Nikaruka, nikamukamata. Nilibaki na manyoya ya mukia mu mukono. Klore alikuwa ameshafika juu ya paa ya jirani, nusu ya mukia, ananiangalia sawa anataka kunikumbuka vizuri. Lévi akaacha kazi. Akasimama chini ya ile paa, kiwiko juu, toka asubui mpaka jua ilimuchoma shingo upande mumoja. Wateja bakapita, bakamuona vile, na bamoja bakamujibu kwa kiwiko. Kisha saa ya kula Klore akashuka. Lévi hakunikasirikia. Alisema tu, polepole:

"Noko, usirudie."

"Nilikuwa ninapima nguvu yake," nilisema.

Toka pale Lévi akajifundisha mwenyewe, na mimi nikabaki kutoa shauri. Kama ndege anapenda kiwiko, alisema, basi mukono uwe kiwiko. Akakata mukono wa koti ya zamani, pale ku kiwiko, akaushona sawa mufuko, akauvaa juu ya ngumi. Ukiangalia mbio, unaona kiwiko. Klore akauangalia kwa jicho la kuume, akauangalia kwa jicho la kushoto, akapanda. Tulishangilia sana, na juu ya kelele akashuka.

Kesho yake Lévi akatoboa tundu moja. Kidole kidogo kikatokea. Klore akarudi nyuma mpaka ku ukuta. Lévi hakumufuata. Aliacha mukono juu ya meza, umelala sawa umekufa, na mbegu za mutama pembeni, na akashona viatu kwa mukono mwengine na meno. Mama mumoja alikuja kutafuta viatu vyake.

"Lévi, ndoa ni kesho! Viatu iko wapi?"

"Mama, ngojea kidogo. Kidole iko ku kazi."

Mama akaangalia kile kidole. Akaangalia njiwa mwenye anakizunguka kwa mbali. Akaniangalia mimi, nikamupatia ishara ya kusema ni mambo makubwa. Akakaa chini, akangoja. Na mbele ya macho yake Klore akakaribia, akachoma ukucha na mudomo, tik, akangoja kuona kama utamurudishia, akachoma tena. Kisha akakula mutama. Ule mama alienda ku ndoa na viatu vya dada yake, mais alieleza habari ya kidole mpaka bibi harusi akasahauliwa.

Hivyo vidole vikatoka kimoja kimoja. Kila kidole kilipata tundu yake na siku zake, kikajulishwa, kikangoja kikubaliwe.

"Mu hii nyumba vidole vinaposwa sawa basichana," Bénite alisema.

Vidole vine vilikubaliwa. Dole gumba hapana. Tundu ya tano ikifunguliwa tu, Klore anaenda ku paa. Na mimi ninamuelewa. Jaribu kukamata kitu bila dole gumba, utaona. Vidole vingine ni raia. Dole gumba ndilo polisi, na njiwa alijua.

Na hata kama angelikubali dole gumba ya Lévi, ilikuwa bado mukono wa Papa Kasonia. Nikasema: tumuzoeze mikono ya bageni. Nikaitia batu ba quartier, ba mutaa wetu. Balikuja wengi kuliko niliitia. Bakasimama mustari mbele ya kibanda, mikono mbele, bamotari, bamama ba samaki, mukata nywele, mpaka mupita njia mumoja akauliza ndoo iko wapi. Klore akakataa mikono yote. Mwalimu wa shule ya musingi alikasirika kabisa.

"Hata inspecteur hakunikataa hivi," alisema, akaenda na chaki yake ku vidole.

Mahindi yakakomaa, yakavunwa. Papa Kasonia akatuma habari: kesho kutwa ninafika. Lévi aliacha kula. Alikaa ku kibanda, koti ile ya matundu ku mukono, anaangalia dole gumba yake sawa mutu anaangalia ndugu mwenye alimuuza.

"Noko," alisema, "nitakosa Jokébed juu ya hii kitu."

Nikaenda kufua. Mutu mukubwa hakaribishi bakwe bila shati nyeupe, na yangu ilikuwa imeshageuka rangi ya chai. Nikaweka beseni mu parseli, nikamimina maji, nikatia javel, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, na nikaanza kusugua. Nikasikia mabawa. Klore akatua ku mudomo wa beseni. Nikaacha kusugua. Akaangalia maji, akaangalia mikono yangu. Kisha, ninaapa mbele ya yeyote, akatembea juu ya shati, akapanda ku mukono wangu wenye maji, akapita juu ya dole gumba bila hata kuliangalia, akakaa ndani ya kiganja.

"Lévi!" niliita polepole. "Lévi, kuya uone noko yako!"

Alikuja, akaanguka magoti. Bénite akatoka na kijiko cha bukari, ule ugali wetu, mu mukono. Nikazunguka parseli yote na Klore mu kiganja. Nikatoka barabarani. Niliwaambia majirani: munaona, hii kitu haifundishwi ku shule, mutu anazaliwa nayo. Kisha nikaenda kukamilisha shati, nikasuuza, nikanawa mikono na sabuni nzuri ya harufu ya maua, na nikarudi barabarani kwa kuwaonyesha benye hawakuona. Batu walikuwa bengi. Nikanyoosha mukono. Klore akaruka, akanipiga kofi ya bawa ku sikio, akaenda ku paa.

Batu balicheka. Batu ba Mulekera banacheka haraka sana.

Bénite, mwenye anapenda kuharibu mambo ya batu bakubwa, akakuja karibu.

"Noko, leta ule mukono." Akanusa. "Sasa unanukia maua. Mwanzo ulikuwa unanukia barieri."

Lévi akamuangalia. Akaingia mu nyumba mbio, akamimina javel kidogo mu maji, akatia mikono, akatoka nje na mikono mitupu, bila koti, bila tundu, vidole vyote vitano juu. Klore akashuka toka paa sawa jiwe, akamukalia mu kiganja.

Muko munaona? Ule ndege hakuwa na shida na vidole. Alikomaa na harufu ya klore, na javel ndani yake ni klore ile ile. Mikono ya Lévi iliinukia toka asubui mpaka jioni. Kisha ugonjwa ikaisha, harufu ikaisha, na mikono ya batu wote ikabaki kwa yeye mikono ya ajabu, michafu, yenye haijanawa. Sisi tulishona koti bure. Lévi alilia kidogo, na Klore akamuchoma chozi ku shavu, juu alifikiri ni mbegu.

Mais furaha ikasimama pale pale. Bénite ndiye alisema:

"Na Papa Kasonia? Nani atamuambia anawe klore?"

Tukapigia Jokébed simu.

"Tata?" alisema. "Tata anawe klore?" Akacheka mpaka simu ikakatika.

Mimi nilikuwa nimeshapata njia. Mbele ya kula, kila mugeni ananawishwa mikono na jagi na beseni. Kifuniko kimoja cha javel mu jagi, nani atajua?

"Hapana, Noko," Lévi alisema. "Sitamudanganya baba ya bibi yangu."

"Hapana kudanganya. Ni usafi."

"Hapana."

Nikamuambia sawa. Na siku yenyewe, wakati alikuwa ameenda kuazima suruali kwa rafiki yake, nikatia.

Papa Kasonia alifika toka Butembo na Jokébed, wawili nyuma ya motari mumoja, vumbi mpaka ku nyusi. Kofia mupya aliishika na mikono yote mibili. Hakumusalimia mutu.

"Kwanza ndege," alisema.

Lévi akasimama mbele yake na kiwiko, Klore juu. Papa Kasonia akanyoosha mukono. Ulikuwa mukono wa njia, vumbi na mafuta ya pikipiki. Klore akaruka mpaka ku mbao ya paa, ndani ya nyumba.

"Nimeona," mzee alisema. Akageuka kwa motari. "Washa."

Lévi akabaki na kiwiko juu, na uso wake ukawa sawa kiatu chenye kimetolewa soli. Jokébed akafunga macho.

"Papa!" mimi nilisema. "Utarudi Butembo na njaa? Bukari imeiva. Mbuzi imekufa juu yako. Mukatae bwana harusi, sawa. Mbuzi ilikukosea nini?"

Mutu wa kwetu anaweza kukataa mengi, nyama ya mbuzi hapana. Akaingia, akakaa ku meza, uso ukiangalia mulango. Jokébed akachukua jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya baba yake, sawa binti anafanya, akamimina. Maji yakagusa vidole. Mzee akasimamisha mikono hewani. Pua yake ikafunguka.

"Hii harufu ninaijua."

Nilikanyaga muguu wa Lévi chini ya meza. Bure.

"Ni klore, Papa," Lévi alisema. "Njiwa anaijua toka utoto. Noko ndiye alitia, mais nyumba ni yangu. Kama ni kosa, ni yangu."

Papa Kasonia akasimama, maji yakimutiririka mu mikono ya shati. "Ndoo!" alisema. "Munajua ile ndoo ilisimama wapi? Ku fasi yangu! Bibi bazee banapita, wananyooshea ndoo mikono! Banaambia ndoo aksanti! Nilisema siku ile, mu ile maji mikono yangu haiingie. Nilianguka mu matope juu ya ile maji! Nilipoteza kiatu!"

Jokébed alikuwa bado chini, jagi mu mukono.

"Sawa, Tata," alisema. "Simama twende. Mama akiuliza, nitamuambia tulirudi juu Tata aliogopa maji."

"Nani?"

"Tata."

"Niogope? Mimi?"

"Nitamuambia ilikuwa maji kidogo tu. Nusu jagi."

Mzee akaangalia binti yake. Akaangalia mimi, nikaangalia dari. Akakaa tena kwa nguvu mpaka kiti kikalia.

"Mimina."

Jokébed akamimina. Papa Kasonia akanawa. Alinawa na hasira, kidole kwa kidole, kisha viganja, kisha mpaka ku viwiko, sawa mutu anasugua sufuria ya jirani yenye imerudishwa chafu. Jagi ikaisha. Akaweka mikono juu ya meza, wazi, inatoa maji.

"Nimenawa. Maji ni maji. Sasa leteni mbuzi."

Juu ya mbao, Klore akapinda kichwa. Akashuka. Alitua katikati ya sahani, akatembea juu ya bukari, akaacha nyayo, akafika ku mikono ya mzee. Akapanda ku kidole kidogo. Akapita dole gumba. Akazunguka mara moja ndani ya viganja vile vikubwa, akavimba manyoya, akakaa. Akafunga macho.

Papa Kasonia hakusogea. Ule mzee mwenye alisoma viganja vya Butembo yote, sasa kulikuwa kitu ndani ya viganja vyake, na akakisoma.

"Iko joto," alisema, sauti chini. Kisha: "Moyo yake inapiga mbio." Tukangoja. "Sasa inapunguza."

Lévi akasimama. Alizunguka meza, akajipanguza ku suruali ya watu, akanyoosha mukono wa kuume mbele ya baba ya Jokébed, wazi, vidole vyote, mukono wa mwanaume kama aliombwa.

Papa Kasonia akaangalia mukono. Akaangalia njiwa.

"Unaona niko na mukono gani ya kukupatia?" alinong'ona. "Utaiamusha."

Na akamunyooshea kiwiko.

Lévi akageuza mukono, akaleta kiwiko chake. Ko. Polepole kabisa, kwa kuogopa kuamusha.

Mbuzi za Jokébed tuliziongea kwa kunong'ona, na sijasikia mambo ya bukwe yenye kimya hivi toka nizaliwe. Mzee hakuweza hata kukataa kwa kupiga meza. Jokébed alimulisha baba yake bukari, tonge kwa tonge, upande wenye Klore hakukanyaga. Bénite alimulisha nyama, na kila saa mzee anasema "ngoja, ngoja," anasikiliza viganja.

Inje motari akachoka, akapiga honi. Papa Kasonia akashtuka sawa mutu ametukanwa.

"Muambieni ule mutu anyamaze! Hapa mutoto analala!"

Nilitoka mimi, juu mikono yangu ilikuwa huru. Motari alikuwa amekaa ku pikipiki, kofia yake ku goti.

"Muzee anarudi Butembo saa ngapi?" aliniuliza.

Nilimuambia azime pikipiki, aingie, anawe mikono.